Trekta dogo linapokuwa jepesi nyuma: uzito uongezwe wapi, na kiasi gani?

*Swali: Nina trekta dogo la nguvu farasi 25, linavuta kwa magurudumu yote manne, na lina loda ya mbele. Nililinunua likiwa limeshatumika, halikuja na kitabu. Kazi yangu kubwa ni kuhamisha changarawe na samadi. Juzi nilikuwa nateremka njia ya changarawe ndoo ikiwa imejaa na nimeinyanyua kiasi. Nilipokanyaga breki, gurudumu moja la nyuma liliachia ardhi, trekta likaserereka mita kadhaa ndipo likasimama. Sikuwa nimeingiza gia ya kuvuta kwa mbele. Fundi ameniambia nijaze maji matairi ya nyuma, basi. Jirani anasema ninunue vyuma vya kupachika mbele, kama vya matrekta makubwa. Mwingine ananiambia uzito ukiongezeka loda itabeba zaidi, na mwingine kwamba nitavunja ekseli. Nimsikilize nani?*

Kwanza, usiteremke tena hapo na ndoo iliyojaa mpaka umalize kusoma. Ulinusurika. Siku hiyo yalikukuta mambo mawili kwa mpigo, na watu wengi huyafanya kuwa moja: nyuma ilikosa uzito, na breki zilikosa pa kushika. Kuongeza uzito kunatibu la kwanza vizuri, la pili kunalipunguza tu. Fundi wako amepata nusu. Jirani, kwa kazi unayoifanya wewe, amekosa kabisa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua ugomvi huu. Chukua trekta la ukubwa wa lako, na tuseme likiwa na loda tupu na dereva lina kilo 1,450: mbele 750, nyuma 700. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.6. Sasa tia kilo 400 za changarawe kwenye ndoo, na katikati ya mzigo huo iwe mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Ekseli ya mbele inageuka egemeo, trekta zima linakuwa wenzo. Kilo 400 mara mita 1.2, gawa kwa 1.6, unapata 300. Maana yake mzigo wa kilo 400 umeiondolea nyuma kilo 300, na mbele imeongezewa kilo 700, siyo 400. Nyuma zimebaki kilo 400, mbele kuna 1,450.

Hapo bado uko kwenye ardhi tambarare. Shuka mteremko wa nyuzi 15 huku kitovu cha uzito kikiwa sentimita 90 juu ya ardhi, kama inavyokuwa ndoo ikinyanyuliwa, na uzito mwingine wa kilo 270 hivi unahamia mbele kwa sababu ya mwinamo peke yake. Nyuma inabakiwa na kilo 117 au karibu na hapo, za kugawana magurudumu mawili. Jiwe dogo chini ya tairi moja la mbele linatosha kulinyanyua gurudumu la nyuma. Ndilo lililokupata.

Sasa weka kilo 300 za ziada nyuma, lakini uzipime kwa njia mbili. Ukizitia ndani ya matairi ya nyuma, zinakaa juu ya ekseli ya nyuma kabisa: nyuma inapata kilo 300, mbele haipunguziwi hata gramu moja. Ukizining'iniza kwenye mikono ya kunyanyulia zana, sentimita 90 nyuma ya ekseli ya nyuma, wenzo unafanya kazi kwa faida yako. Nyuma inapata kilo 469, na mbele inapunguziwa kilo 169. Uzito ni uleule, lakini ule wa pili unaipa nafuu ekseli ya mbele, ambayo kwenye matrekta madogo ndiyo huumia kwanza: bushi za kingipini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia), sili za mafuta, na pini ya katikati inayoibeba ekseli. Ndiyo sababu naanza na mahali pa kuweka uzito kabla ya kiasi chake.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu ya mbele na nyuma hailionyeshi. Ekseli ya mbele ya trekta lako imeshikwa kwa pini moja katikati ili iweze kucheza magurudumu yanapopita mashimo. Mpaka ekseli igonge kizuizi chake, magurudumu ya mbele hayakuzuii kupinduka ubavuni. Kwa hiyo trekta halijasimama juu ya mstatili wa magurudumu manne kama gari. Limesimama juu ya pembetatu: gurudumu la nyuma kushoto, la nyuma kulia, na ile pini ya mbele. Mzigo wa ndoo unavuta kitovu cha uzito kuelekea kwenye pini, mahali pembetatu inapokuwa nyembamba. Mtu anasema trekta limepinduka "ghafla" kwenye mwinamo mdogo tu wa pembeni. Kumbe kitovu kilikuwa kimeshafika kwenye ncha. Uzito wa nyuma unakirudisha kwenye upana.

Breki

Kwenye matrekta mengi madogo breki ziko kwenye ekseli ya nyuma tu. Turudi kwenye mteremko wako. Uzito unaokuvuta kuteremka, kwenye mfano wetu, ni sawa na kilo 479. Magurudumu ya nyuma yana kilo 117, na kwenye changarawe iliyolegea tairi linashika kama nusu ya uzito lililobeba: kilo 58. Ungekanyaga pedali mpaka ipinde, trekta lisingesimama. Hata ukiwa na zile kilo 300 mikononi nyuma, magurudumu ya nyuma yatakuwa na kilo 540 hivi na yatashika 270, wakati mvuto wa kuteremka umefika 556. Bado haitoshi.

Kinachokuokoa hapo ni gia ya kuvuta kwa mbele. Ukiiingiza, magurudumu ya mbele yanaunganishwa na ya nyuma kupitia shafti, kwa hiyo breki ya nyuma inayashika na ya mbele pia, na uzito wote wa trekta unatumika kusimamisha. Iingize kabla hujaanza kuteremka, siyo katikati, na teremka kwa gia ndogo. Kama trekta lako lina pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, ziunganishe kwa kile kipini chake. Breki ikishika upande mmoja kwenye mteremko, trekta litajigeuza lenyewe. Mtu akiniuliza achague kimoja kati ya uzito wa nyuma na kukumbuka gia hii, kwenye mteremko nitamwambia gia. Lakini wewe unahitaji vyote viwili.

Uzito wa mikononi nyuma

Huu ndio wa kwanza kwako. Unaweza kutumia zana uliyonayo tayari, kwa mfano rotaveta au sanduku la kusawazishia udongo, mradi bamba lake lionyeshe uzito wa kutosha. Tatizo la zana ni urefu na upana wake. Mkia wake unapogeuka unagonga ukuta, na mashine pana ya kukatia nyasi inaweza kuwa na umbo kubwa na uzito mdogo. Kwa kazi ya loda, kitu kifupi na kizito ndicho bora.

Pipa la chuma la lita 200 linafaa sana, lakini usilijaze. Zege lina kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo pipa zima lingekuwa na kilo 480 bila chuma. Kwa kilo 300 unahitaji lita 125 tu, yaani kina cha sentimita 49 kwenye pipa lenye kipenyo cha sentimita 57. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne: saruji, mchanga, kokoto.

Sehemu inayoharibikia watu ni mhimili wa kuunganishia. Matrekta mengi ya ukubwa huu yana mikono ya kunyanyulia zana ya daraja la kwanza, yaani kipimo kidogo cha pini: pini za chini milimita 22, pini ya juu milimita 19, na nafasi kati ya mikono miwili ya chini milimita 683. Pima ya kwako kwanza. Pitisha nondo imara ya chuma kizima katika pipa, karibu na upande unaotazama trekta na siyo katikati, sentimita 15 hivi kutoka chini, ncha zake zikiwa zimechongwa kufikia milimita 22 na kutobolewa tundu la pini ya usalama. Chomelea vipande vya nondo vya kujengea kwenye mhimili huo ndani ya pipa. Mhimili mtupu, usio na vipande hivyo, utazunguka ndani ya zege baada ya muda na pipa litaanza kucheza. Kisha chomelea bapa mbili zinazopanda wima kutoka kwenye mhimili, zenye tundu la pini ya juu sentimita 46 juu ya pini za chini. Toboa tundu moja chini la kutoa maji, na acha zege likomae wiki mbili kabla ya kulinyanyua. Nguvu yake kamili linaifikia siku ya 28. Ukipenda, simamisha bomba la plastiki ndani ya zege kabla halijakauka, utapata pa kuchomeka koleo na mtaimbo.

Pima pia uwezo wa mikono yenyewe. Kiwango cha kunyanyua mara nyingi hutajwa mahali pawili: kwenye ncha za mikono, na sentimita 61 nyuma ya ncha hizo. Cha pili ni kidogo zaidi, na ndicho kinachohusika pale kitovu cha mzigo kinapokuwa mbali na ncha. Kaza minyororo ya pembeni ili pipa lisiyumbe. Uzito unaoyumba nyuma unaweza kulisukuma trekta pembeni katika kona. Libebe chini, kama sentimita 30 kutoka ardhini. Kama shafti ya piitiio, ile inayozungusha zana za nyuma, iko karibu na pipa, ivue.

Maji kwenye matairi

Hii ndiyo nusu aliyoipata fundi, na ina faida ambayo pipa halina: uzito uko chini, ndani ya magurudumu, na unasaidia kwenye mwinamo wa pembeni kila wakati, hata usipofunga kitu nyuma. Tairi la nyuma la 11.2-24 hupokea karibu lita 100 likijazwa robo tatu. Matairi mawili, karibu kilo 200.

Kujaza siyo kazi ngumu. Inyanyue ekseli kwa jeki mpaka tairi liache kubeba uzito, huku trekta limezibwa magurudumu mengine na liko kwenye ardhi ngumu. Zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu kabisa, toa upepo, toa kiini cha valvu, funga kiunganishi kinachoingiza maji huku kikitoa hewa. Maji yakianza kutoka kwenye valvu, yamefika kiwango chake: robo tatu. Rudisha kiini na pampu upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Usijaze tairi lote. Maji hayabanwi, ile robo ya hewa ndiyo inayomeza mshtuko. Bila hiyo kila jiwe linagonga moja kwa moja kwenye rimu na ekseli. Na kwa kuwa hewa iliyobaki ni kidogo, tundu dogo tu linashusha upepo haraka, kwa hiyo kagua mara nyingi zaidi kuliko ulivyozoea, valvu ikiwa juu kila unapopima.

Kuhusu aina ya kimiminika: maji matupu yanafaa pale tu ambapo hayagandi kamwe. Barafu inaongeza ujazo na inaweza kuliharibu tairi au kulifanya lisizunguke sawa. Kloridi ya kalisi haigandi kirahisi na ni nzito kuliko maji, lakini inakula rimu. Ukiitumia, weka tyubu, na ukiona kutu kwenye valvu usiahirishe. Dawa ya kuzuia maji kuganda ya aina ya ethilini glaikoli ni sumu kwa wanyama, na ladha yake tamu inawavutia, hivyo tairi linalovuja karibu na mifugo ni hatari. Aina ya propilini ina madhara madogo zaidi.

Hasara yake ni kwamba huwezi kuutoa uzito huo ukimaliza kazi. Utabebwa siku zote, ukikandamiza udongo pale unapolima, na tairi likitoboka ukarabati unakuwa kazi chafu. Vyuma vya kufunga kwenye rimu vina faida ileile ya kukaa chini na vinatoka kwa boliti, ila ni vizito kuvibeba. Kaza tena boliti baada ya saa chache za kazi, na za gurudumu lenyewe pia.

Kabla ya kununua chochote, angalia kama rimu za nyuma zinaweza kugeuzwa. Rimu nyingi zina kina upande mmoja, na zikigeuzwa upana wa nyuma unaongezeka. Hiyo inapanua kitako cha pembetatu bila kuongeza kilo hata moja. Ukibadilisha magurudumu, hakikisha mishale ya mpira, yaani meno ya tairi yenye umbo la V, inaelekea mbele kama ilivyokuwa.

Vyuma vya mbele, "kubeba zaidi", na ekseli

Vyuma vya mbele ni vya kazi nyingine: plau au zana nzito nyuma inapoinyanyua mbele na usukani unakosa kushika. Kanuni inayotumika ni kwamba angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu ibaki kwenye ekseli ya mbele. Wewe mbele yako ina kilo 1,450 tayari. Kuongeza vyuma hapo ni kuilipisha deni ekseli isiyokopa.

Na loda haitabeba zaidi kwa sababu ya uzito. Nguvu yake inatoka kwenye haidroliki, na ina valvu ya kupunguza shinikizo inayoikomesha. Uzito wa nyuma unakuwezesha kutumia kile ambacho loda inaweza kunyanyua, bila nyuma kuachia. Usiruhusu mtu akaze ile valvu ili "iwe na nguvu". Ukifunga uma za kubebea badala ya ndoo, kumbuka katikati ya mzigo inaenda mbele zaidi. Kilo zilezile zinachukua nyuma uzito mwingi zaidi.

Aliyekuonya juu ya ekseli ana hoja, ila ni ya kiasi. Kilo 300 mikononi zinapunguza mzigo wa ekseli ya mbele na kuongeza wa nyuma, ambayo imeundwa kubeba. Ukirundika maji, vyuma vya rimu na pipa la kilo 480 kwa pamoja, unaipita mipaka ya matairi, ya sanduku la gia na ya fremu ya kukukinga trekta likipinduka. Fremu hiyo ilipimwa kwa uzito maalumu wa trekta, na mara nyingi umeandikwa kwenye bamba lake. Kuuzidi ni kuipunguzia nafasi ya kukuokoa. Fremu iwe imesimama na mkanda umefungwa. Fremu iliyokunjwa na mkanda unaoning'inia hazina kazi.

Kwa kazi yako, basi: pipa la kilo 300 kwanza, maji kwenye matairi ya nyuma kama mara nyingi unapita miinamo ya pembeni. Upepo wa matairi ya mbele uongezwe mpaka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, maana tairi laini linabonyea na kumpa mzigo nafasi ya kuyumba. Kisha jaribu kwenye tambarare: nyanyua ndoo iliyojaa sentimita chache tu, kanyaga breki taratibu ukiwa mwendo wa kutembea, na mtu asimame kando kwa mbali akiangalia magurudumu ya nyuma. Yakiteleza au kuruka, punguza mzigo. Ukiweza kufika kwenye mizani ya magari, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, ndoo imejaa, utajua bila kubahatisha. Kwenye mteremko beba ndoo chini kabisa, na ukiwa na mzigo shuka kinyumenyume, ndoo ikielekea juu ya mlima.

Mambo haya usiyafanye peke yako. Gurudumu lenye maji likiwa limefunguliwa linakaribia kilo 200 na likianguka halizuiliki kwa mikono, kwa hiyo kulitoa ni kazi ya fundi wa matairi mwenye vifaa. Ukiona mafuta yanavuja kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele, ekseli ya mbele inacheza kwenye pini yake, au kuna ufa kwenye fremu ya loda, boliti zake, au fremu ya kinga, simamisha kazi na mwite fundi wa matrekta aje alione. Fremu ya kinga iliyopinda au kupasuka hainyooshwi wala haichomelewi, inabadilishwa. Na kwa kuwa huna kitabu, nakili namba ya modeli na ya chasisi kwenye bamba umpelekee muuzaji wa aina hiyo ya trekta. Mwombe vitu vitatu: uzito wa nyuma unaotakiwa kwa loda hiyo, kikomo cha ekseli ya mbele, na uwezo wa mikono sentimita 61 nyuma ya ncha. Takwimu zake zikitofautiana na za mfano wangu, fuata zake.